Mashariki mwa Congo: habari iko mkononi mwa kila mtu, lakini nani anaihakikisha?

Tarehe 27 Januari 2025, wakati waasi wa AFC/M23 walipokuwa wakiingia katika mji wa Goma, wakaaji wengi hawakungoja habari za jioni kwenye redio. Wale waliobaki na chaji kidogo ndani ya simu walitafuta habari kwenye WhatsApp: risasi zinalia wapi, barabara gani inapitika, mpaka umefungwa ama uko wazi. Katikati ya Februari, wakaaji wa Bukavu wakapitia hali ileile. Kwa familia inayojiuliza kama itoke ama ibaki nyumbani, odio ya sekunde 40 inaweza kuamua yote.

Hapo ndipo tunaona namna kazi ya habari ilivyogeuka hapa kwetu. Mara nyingi husemwa kwamba simu imeua kazi ya mwandishi wa habari, kwa sababu sasa kila mtu anapiga picha na kutuma. Ukweli ni mwingine. Simu imeondoa shida ya kuleta habari, ikaacha shida kubwa zaidi: kuihakikisha. Na kazi hiyo ya pili ndiyo yenye watu wachache, pesa kidogo na hatari nyingi.

Redio ilikuwa ya kwanza, sasa inafuata

Radio Okapi ilipoanza kusikika Februari 2002, nchi ilikuwa imegawanyika kwa sababu ya vita. Kusikia habari ileile Kinshasa, Goma na Kisangani, kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba, lilikuwa jambo jipya. Mpango wa kazi ulieleweka: mwandishi anaenda mahali, anauliza, anarudi na sauti, mkubwa wake anasikiliza na kukata, kisha raia anasikia. Redio za jamii vijijini zilifuata njia hiyohiyo, hata kama vyombo vyao vilikuwa vidogo.

Leo mpango huo umepinduka. Video kutoka Masisi ama Fizi inazunguka kwanza kwenye makundi ya WhatsApp, inapita TikTok na Facebook, halafu ndipo mwandishi anaanza kuuliza: hii ni wapi? Ni lini? Nani aliichukua? Raia amekwisha kuiona, amekwisha kuogopa, pengine amekwisha kufunga mizigo.

Kwa picha na video, kuna njia za kutafuta jibu. Mwandishi anaangalia kilima kilicho nyuma, kibao cha duka, namba ya gari, lugha wanayosema watu, mvua ama jua. Anatafuta kwenye intaneti kama picha hiyo ilikwisha kutoka miaka iliyopita katika nchi nyingine. Anaomba faili ya kwanza kwa aliyeichukua, kwa sababu picha ikipita WhatsApp inapoteza alama za siku na mahali ilipochukuliwa. Kisha anapigia simu watu wawili ama watatu wa pale pale, wasiojuana.

Odio ni ngumu zaidi. Haina sura, haina kilima, haina kibao. Ina sauti tu, na mara nyingi sauti yenye hofu ya kweli. Tena odio haizeeki: inayosema "leo asubuhi" itaendelea kusema "leo asubuhi" hata baada ya miezi sita. Aliyeirekodi pengine hakudanganya hata kidogo. Siku hiyo alisema alichokiona. Lakini ikirudi kuzunguka mwezi mwingine, katika mji mwingine, ukweli wake wa zamani unakuwa uongo wa leo.

WhatsApp yenyewe iliona hatari hiyo. Mwaka 2019 iliweka kikomo: ujumbe kusambazwa kwa makundi ama watu watano kwa mara moja. Aprili 2020 ikaongeza ukali: ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi unatumwa kwa mmoja tu kwa wakati. Hiyo inapunguza mwendo, lakini haimwambii anayepokea kama anachosikia ni cha kweli.

Uongo unasema Kiswahili, ukweli unaandikwa Kifaransa

Tusiseme kwamba intaneti imeleta mabaya tu. Mwaka 2020, wakati COVID-19 ilipofunga mipaka, mpiga picha Finbarr O'Reilly, aliyekuwa amepata tuzo ya Carmignac ili afanye kazi Congo, hakuweza kuzunguka nchini kama alivyopanga. Kazi ikageuka kuwa mradi wa pamoja kwenye mtandao, Congo in Conversation, uliobebwa na wapiga picha na waandishi Wakongomani. Humo walikuwemo Arlette Bashizi, Moses Sawasawa na Guerchom Ndebo wa Goma, na Raissa Karama Rwizibuka wa Bukavu. Picha, video na maandishi vilitoka kwa watu wanaoijua mitaa wanayoionyesha. Zamani mgeni alikuja wiki mbili, akaongozwa na mwenyeji asiyetajwa jina, akaondoka na habari. Sasa mwenyeji anaweka jina lake chini ya picha.

Lakini tuulize: kazi nzuri kama hizo zinamfikia nani? Nyingi ziko kwa Kifaransa ama Kiingereza, kwenye kurasa nzito zinazokula mega. Mama anayeuza samaki Kadutu, mwenye kununua mega kidogo kidogo, hawezi kufungua video ya dakika kumi. Odio ya dakika moja haifiki hata mega moja, inasema lugha yake, na anaweza kuisikiliza huku akihesabu pesa za mteja.

Hapo uvumi una nguvu kuliko habari. Ni mwepesi, una sauti, unasema Kiswahili cha nyumbani, na unaletwa na shemeji ama jirani anayeaminika. Habari iliyohakikishwa inakuja kesho yake, ndefu, kwa Kifaransa, nyuma ya kiungo cha kufungua. Si ajabu kwamba inashindwa.

Mlima Nyiragongo ulitufundisha hilo. Ulilipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye, gavana wa kijeshi akaagiza wakaaji wa kartie 10 kati ya 18 za Goma waondoke. Siku kama hiyo, kujua kama kartie yako iko kwenye orodha si habari ya kusoma kwa kujifurahisha. Jina moja likiongezwa ama likisahauliwa katika ujumbe unaozunguka, watu wanatembea bure usiku na watoto mgongoni, ama wanabaki mahali walipopaswa kuacha.

Simu inayosaidia, simu inayoshitaki

Hatari kwa waandishi wa mashariki haikuanza na simu za kisasa. Serge Maheshe na Didace Namujimbo, wote wawili wa Radio Okapi, waliuawa Bukavu kwa risasi, mmoja 2007, mwingine 2008. Kilicho kipya ni kwamba leo chombo cha kazi kinabeba pia ushahidi: majina ya waliokupa habari, mazungumzo, picha ambazo hukutaka kuzitoa. Simu ikichukuliwa, si mwandishi peke yake anayeingia matatani.

Kesi ya Stanis Bujakera, wa Actualite.cd na Jeune Afrique, ilionyesha jambo hilo waziwazi. Alikamatwa Septemba 2023, akatoka gerezani Machi 2024 baada ya kuhukumiwa miezi sita. Upande wa mashtaka ulidai kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusambaza kwenye mtandao hati waliyosema ni ya uongo. Shirika la RSF lilipinga, likieleza kwamba picha iliyopita Telegram haiwezi kuonyesha nani aliituma kwanza. Mahakama ilikuwa ikizungumza juu ya alama za kompyuta, na uhuru wa mtu ulikuwa juu ya mizani.

Mashariki, mwandishi anabanwa pande zote mbili. Januari 2025, Constant Mutamba, waziri wa sheria wakati ule, alitisha kwa adhabu ya kifo wale wanaoeneza shughuli za jeshi la Rwanda na za M23. Katika maeneo yaliyo chini ya waasi, redio za jamii ziliporwa ama kufungwa, na waandishi wengi wakakimbia. Katika hali hiyo, anayejua kuhakikisha ananyamaza, na asiyejua anaendelea kurekodi odio.

Kukata mtandao nako hakusaidii. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini karibu siku 20. Februari 2025, X na TikTok zikawa ngumu kufunguka. Lakini uvumi hauhitaji mtandao: unapanda pikipiki, unaingia sokoni, unavuka ziwa kwa boti. Anayehitaji mtandao ni yule anayetaka kuupima.

Nani analipa?

Kuna jambo ambalo wenye kazi hii hawapendi kulisema hadharani. Vyombo vingi vya mtandaoni vimefunguliwa na watu wawili ama watatu wenye simu na moyo, bila mshahara. Anayeishi kwa coupage, yaani pesa kidogo anayopewa na mwenye mkutano, ataandika alichoambiwa mkutanoni. Kupigia simu watu watatu wa Minembwe kunahitaji unite, na hakuna anayezirudisha. Kunakili habari ya mwenzake ni bure. Ndiyo maana kosa moja la asubuhi linaonekana mchana kwenye kurasa kumi.

Sheria ya vyombo vya habari ya tarehe 13 Machi 2023 imetambua vyombo vya mtandaoni, na hiyo ni hatua. Lakini kutambuliwa hakulipi unite.

Lakini kuna yanayowezekana bila kungoja msaada mkubwa. Chombo cha habari kinaweza kutoa odio yake, fupi, kwa Kiswahili, ikianza na siku, saa na mahali, ili isirudi kuzunguka kama habari mpya. Ieleze yaliyothibitishwa, na iseme wazi yapi bado yanatafutwa. Iwekwe kwenye makundi yaleyale ambamo uvumi unapita, na sahihisho lipite humohumo kwa sauti ileile. Redio zina faida hapa: zina sauti ambazo watu wanazijua tangu miaka, na sauti inayojulikana ndiyo alama ambayo odio ya mtu asiyejulikana haina.

Raia naye ana sehemu yake. Kabla ya kusambaza, aulize mambo matatu: ni nani anasema, lini, na yuko wapi? Odio isiyojibu hata moja ibaki kwake. Ama sivyo, siku ya hatari ya kweli, aliyeona kwa macho yake atarekodi odio ili kuonya jirani zake, na hakuna atakayemwamini.