Mali Bila Daftari

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili twalitumia dukani na katika hazina ya tawi. Leo twataka kulitumia juu ya elimu inayokusanywa katika ardhi yetu na wataalamu wa kila namna.

Ndugu wasomaji, tazameni Tendaguru, Mkoa wa Lindi. Tangu mwaka 1909 hata 1913 Wajerumani walichimbisha huko mifupa ya wanyama wakubwa waliotoweka zamani sana. Waliochimba ni watu wetu kwa mamia, na msimamizi wao mashuhuri alikuwa Boheti bin Amrani. Waliobeba mpaka bandari ya Lindi ni watu wetu vilevile. Zaidi ya tani 200 zikaenda Berlin, na huko kiunzi cha mnyama mmoja, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kilisimamishwa mwaka 1937.

Habari za mifupa hiyo wengi wamezisikia. Lakini kila mfupa una habari zake: ulitoka shimo gani, katika tabaka gani la udongo, karibu na mfupa upi. Mfupa usio na habari hizo ni jiwe zuri tu. Basi anayedai mifupa na kusahau madaftari anadai nusu ya mali.

Wako wasemao, "Afadhali vikae Ulaya, kwetu kuna mchwa na mvua." Twawajibu hivi: vita ya 1939 hata 1945 ilipofika Berlin, sehemu ya mali ya Tendaguru ilipotea. Mchwa ni adui, na bomu ni adui pia. Dawa yao ni moja: nakala nyingi, zilizowekwa mahali mbalimbali, na moja yao iwe mikononi mwetu.

Faida ya kutunza twaiona Laetoli, katika eneo la Ngorongoro. Mwaka 1976 kikundi cha Mary Leakey kilikuta huko nyayo chache katika majivu ya volkeno yaliyogeuka mwamba. Mwaka 1978 zikapatikana nyingine dhahiri zaidi, zikavuma dunia nzima, na zile za kwanza zikasahauliwa. Hata ikadhaniwa huenda ni za dubu. Mwaka 2019 wataalamu, akiwamo Mtanzania mwenzetu Charles Musiba, walizifuata ramani za Leakey, wakafukua palepale na kupima upya. Mwaka 2021 wakatangaza kwamba nyayo hizo ni za kiumbe wa ukoo wa binadamu, aliyetembea kwa miguu miwili kiasi cha miaka 3,660,000 iliyopita. Kama ramani zingetupwa, ushahidi huo ungalifukiwa mpaka leo.

Tena kazi ya namna hii si ya mtu mmoja. Mtaalamu wa miamba hutafuta umri, wa wanyama hutambua nyayo za wanyama, wa viungo vya mwili hupima mwendo. Wakiondoka kila mmoja na daftari lake, habari imekatwa vipande, na hakuna atakayeiunga.

Kwa hiyo twataka mambo manne. Kwanza, Tume ya Sayansi na Teknolojia, inayotoa vibali vya utafiti, isimwage mgeni kabla hajaacha nakala kamili ya madaftari, ramani, picha na vipimo, pamoja na orodha moja inayoviunganisha. Pili, kila kipimo kiandikwe nani alikipima, wapi, siku gani, kwa chombo gani, na kama ni futi au mita. Tatu, yaliyomo katika kompyuta yanakiliwe upya kila baada ya miaka michache, kwa maana vyombo vya kuyasomea huzeeka upesi kuliko karatasi. Nne, muhtasari wa Kiswahili urudi katika wilaya ambako kazi ilifanyika.

Serikali peke yake haitaweza. Viongozi wa matawi, na ninyi walimu wa shule, ndio mnaomwona mtaalamu akipiga hema. Mpokeeni kwa heshima, msaidieni kazi yake, kisha mwulizeni: nakala yetu itabaki wapi, na nani ataitunza? Ulizeni bila woga, na jibu lake liandikwe katika daftari la tawi.