Elimu: Juu ya nini mtoto anayesoma Kiswahili vizuri anakwama kwa Kifaransa?

Mu shule nyingi za msingi za mashariki mwa Congo, walimu wanamjua mtoto huyu: anasoma kitabu cha Kiswahili bila shida, lakini akipewa cha Kifaransa, anakwama. Mbele ya « porte » anasema « por-te ». Wenzake wanacheka, na nyumbani wanasema hana akili. Kumbe akili anayo: anafuata kanuni aliyofundishwa.

Mu Kiswahili, kila vokali inasikilika. Soma « pete », « embe », « mbele »: e ya mwisho inasema. Vokali ni tano, na kila moja iko na sauti yake. Kifaransa kiko na sauti za vokali zaidi ya kumi, lakini herufi za kuziandika ni chache. Juu ya hiyo, herufi zinaungana: o ya « moto » ni sauti ile ile ya « auto » na ya « bateau ». Herufi tatu, e-a-u, zinatoa sauti moja tu. Na zingine zinanyamaza kabisa.

Sheria inasema nini?

Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya elimu ya taifa inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumiwe darasani, pamoja na Kifaransa. Ndiyo maana shule nyingi zinaanza kusomesha kwa Kiswahili, kisha Kifaransa kinachukua nafasi. Shida iko pale katikati, wakati wa kuvuka. Mara nyingi mwalimu anageuza lugha bila kumwambia mtoto kwamba kanuni ya kusoma nayo imegeuka.

E inanyamaza, lakini inafanya kazi

Kumwambia mtoto « hiyo e usiisome » haitoshi. Aone kazi yake. Mwalimu aandike « port » na « porte » kwenye ubao. La kwanza ni bandari, t yake haisikilike. La pili ni mlango, t inasikilika. E yenyewe haisemi, lakini inaamsha herufi iliyoitangulia. Ni vile vile kwa « petit » na « petite », « vert » na « verte », « grand » na « grande ».

Kisha aonyeshe tofauti: e yenye alama juu, kama ya « bébé » na « café », inasema. Na mu maneno mafupi kama « le » na « je », e inasikilika kidogo. Maneno matano kwa siku, chaki, na dikte fupi: haiombe vitabu vya bei.

Hatari iko wapi?

Tangu Septemba 2019, masomo ya msingi ni ya bure mu shule za serikali, na madarasa yamejaa. Mwalimu hapati wakati wa kusikiliza kila mtoto. Yule aliyekimbia vita na kubadilisha shule katikati ya mwaka anaweza kuruka somo hili kabisa. Mwisho wa mwaka wa sita, ENAFEP inamngojea, kwa Kifaransa. Na mu dikte, « il parle », « tu parles » na « ils parlent » zinasikilika sawasawa: asiyefundishwa herufi za kimya hawezi kuzibahatisha.

Wazazi wengi wanaomba Kiswahili kiondolewe, mtoto aanze Kifaransa siku ya kwanza. Lakini mtoto anayejua kuunganisha herufi kwa lugha anayoielewa tayari ameshika nusu ya kazi: m, l, t na p hazibadilike anapovuka. Kitu cha kuuliza mu mkutano wa wazazi ni hiki: ni mwaka gani, na ni saa ngapi kwa juma, herufi za kimya zinafundishwa? Kama hakuna jibu, ndipo pa kuanzia.