Tokai na Akiba ya Mbegu Inayozeeka

Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Rufaa ya Afrika Kusini ilipoitupa rufaa ya Shirika la Hifadhi za Taifa kuhusu ukataji wa misonobari ya Tokai, jijini Cape Town, ilisimamia haki ya wananchi kushauriwa kabla ratiba ya ukataji haijaharakishwa, na kwa hilo haina lawama. Lawama ni ya wale waliogeuza hukumu ya utaratibu kuwa hoja ya ikolojia, wakaanza kuitaja kana kwamba majaji waliamua kuwa kivuli cha misonobari, mti ulioletwa na wakoloni kwa ajili ya mbao, kina thamani kuliko uoto wa asili uliolala chini yake.

Uoto huo ni finbosi, yaani vichaka vya majani magumu vinavyolipa eneo la Rasi (Cape) sehemu kubwa ya aina zake zipatazo 9,000 za mimea, ambapo takribani asilimia 70 hazipatikani kwingineko duniani. Finbosi ya mchanga wa Cape Flats, ambayo Tokai ni mojawapo ya mabaki yake, imo katika kundi la uoto ulio hatarini kabisa kutoweka, kwa kuwa sehemu yake kubwa imekwisha kufunikwa na nyumba na barabara. Mimea hii inauhitaji moto. Mwaka 1990 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kuwa moshi peke yake, hata bila joto, unaweza kuziamsha mbegu zilizolala. Ndiyo maana uchomaji wa kupangwa, kwa kawaida kila baada ya miaka 10 hadi 15 na mwishoni mwa kiangazi, ni sehemu ya uhifadhi wenyewe.

Wakazi wanaopinga kurudishwa kwa finbosi wanasema kwamba vichaka virefu huwaficha wahalifu, kwamba moto karibu na makazi ni hatari, na kwamba watembeaji wanahitaji kivuli. Usalama ni jambo zito, lakini hujibiwa kwa doria, njia pana na vizuizi vya moto. Kivuli kinaweza kutafutwa mahali ambapo hakuna mmea unaokaribia kutoweka.

Hoja inayoamua shauri hili ni ya muda, na ndiyo inayokwepwa kila mara. Chini ya misonobari, finbosi huendelea kuishi kama akiba ya mbegu ardhini, nyingine zikiwa zimezikwa na sisimizi, na akiba hiyo haiongezeki kwa kuwa mimea mama haipo tena juu yake. Mbegu huzeeka, huoza, huliwa. Baada ya mzunguko mmoja wa misonobari, ambao huchukua miongo kadhaa, sehemu ya aina bado inaweza kuchipua moto ukipita. Baada ya mzunguko wa pili au wa tatu zinazobaki ni chache, na zile zenye mbegu za maisha mafupi huwa zimekwisha. Kwa hiyo anayependekeza misonobari ipandwe tena “kwa muda” anapendekeza kufa kwa mbegu ambazo hakuna atakayezirudisha, na neno “muda” halimwondolei dhamana hiyo. Akumbuke Erica verticillata, ua la rangi ya waridi linalotembelewa na ndege aina ya chozi: lilitoweka kabisa porini, likanusurika kwa sababu tu miche michache ilikuwa imetunzwa katika bustani, zikiwamo za Pretoria na Kew, ndipo likarudishwa katika maeneo machache ya Cape Town, Tokai ikiwamo. Ni aina ngapi ambazo hakuna mtunza bustani aliyewahi kuzipenda kiasi hicho?

Inastahamilika kuwasikiliza wakazi mara ya pili na ya tatu. Haistahamiliki kuufanya ushauriano kuwa njia ya kuahirisha, huku kila msimu wa kuchoma unaopita bila moto ukihesabiwa kuwa ushindi wa maridhiano. Kila mkutano kuhusu Tokai hauna budi kuanza kwa swali ambalo mahakama haikuulizwa: mbegu zilizomo ardhini leo zina miaka mingapi, na ni lini, kwa tarehe, zitakapopata moto wake.