MAONI YETU: KUTELEZA KWA MZEE NI KUANGUKA



Wahenga walisema ya kwamba kuteleza si kuanguka. Kwa kijana neno hilo ni kweli. Kwa mtu wa miaka 75 halisimami. Akiteleza ameanguka, na akianguka huenda asitembee tena kwa miguu yake mwenyewe.

Twaandika habari hii kwa sababu wengi wetu, wapishi, yaya, watunza bustani na askari wa usiku, twafanya kazi katika nyumba za wazee wa kigeni waliostaafu kwao wakaja kukaa pwani yetu. Malindi na Watamu wako Waitaliano, walioanza kuizoea pwani ile tangu miaka ya 1960, kilipojengwa kituo cha roketi cha San Marco huko Ngomeni. Diani wako Wajerumani, Waingereza na wengineo. Walipokuja walikuwa na nguvu, wakiogelea na kuendesha motokaa. Miaka imepita. Mume amekufa, au mke amekufa, watoto wako Ulaya, na mtu wa pekee aliye karibu saa nane ya usiku ni mfanyi kazi.

Mwanachama mmoja alikuja ofisini kwetu akitembea kwa kuinama. Tajiri wake, mzee mnene, alianguka bafuni. Ndugu huyu alimwinua peke yake na mgongo wake ukaumia. Kesho yake watoto wa mzee walipiga simu kutoka ng'ambo wakasema ya kwamba alikuwa mzembe, na kazi ikaisha siku hiyo hiyo. Lakini yeye alikwisha kuomba mara mbili ya kwamba bafuni pawekwe chuma cha kushikia. Aliambiwa angoje.

Basi ndugu, kumzuia mzee asianguke si hisani tu. Ni kulinda mgongo wetu na mshahara wetu. Mzee akivunjika nyonga, mara nyingi nyumba hufungwa, naye hurudishwa kwao. Sisi twabaki langoni na mizigo yetu.

Tuanze na nyumba. Sakafu za pwani ni za simenti laini, nasi twazipiga nta mpaka zing'are kwa sababu ndivyo tulivyoagizwa. Sakafu hiyo ikipata maji au mchanga wa ufuoni huteleza kama sabuni. Ngazi za mawe hazina pa kushikia, na wakati wa mvua zaota ukungu wa kijani. Milango ya kizamani ina vizingiti vya juu. Zulia dogo limekunjika pembeni. Chandarua chaburura chini, na mzee akiamka kwenda chooni miguu yanaswa. Stima nayo hupotea bila taarifa. Mambo haya sisi ndio tunaoyaona kila siku, wala watoto walioko Ulaya hawayaoni. Tuyaseme kabla ya ajali.

Pili, mwili wenyewe. Dawa za presha, dawa za usingizi, mvinyo na jua kali, vikikutana, humtia mtu kizunguzungu anaposimama ghafula. Akiamka, na akae kwanza ukingoni mwa kitanda kwa muda, kisha asimame polepole. Anywe maji ya kutosha, isipokuwa daktari amemwekea kiasi. Avae viatu vinavyoshika kisigino, asivae ndara zilizolegea. Si kazi yetu kumwondolea mtu dawa, lakini tukiona apepesuka tangu apewe dawa mpya, tuseme ili daktari aulizwe. Kadhalika macho yapimwe kila mwaka.

Wengine wafikiri ya kwamba mzee akikaa kitini mchana kutwa amesalimika. Sivyo. Miguu isiyotumiwa hudhoofu. Wataalamu wamepima na kuona ya kwamba mazoezi ya kusimama imara na ya kutia miguu nguvu hupunguza kuanguka kwa karibu robo. Kuinuka kitini na kukaa tena mara kadhaa, au kusimama kwa mguu mmoja huku ameshika meza nzito, hakuhitaji mashine yo yote.

Na akianguka? Usimvute kwa mikono. Muulize panapouma. Ikiwa nyonga yauma sana, au mguu mmoja waonekana mfupi na umegeukia nje, usimwinue. Mfunike, usimpe chakula wala kinywaji, uite gari la wagonjwa. Ikiwa amepiga kichwa naye atumia dawa za kuzuia damu kuganda, apelekwe hospitali hata kama asema ni mzima. Asipokuwa na maumivu, mwekee kiti imara karibu, ageuke kwa ubavu, apige magoti, ashike kiti na ainuke kwa nguvu zake mwenyewe. Asipoweza, mwite mtu wa pili.

Kwa hiyo chama chawaambia matajiri na jamaa zao maneno haya:

1. Vyuma vya kushikia viwekwe bafuni, chooni na kwenye ngazi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kutibu nyonga iliyovunjika.

2. Mfanyi kazi asilazimishwe kumwinua mtu mzima peke yake.

3. Aliyeajiriwa kupika au kulinda, akifanywa mwuguzi wa usiku, alipwe kwa kazi hiyo, na mkataba uandikwe.

4. Bima ya wafanyi kazi ikatwe kama ipasavyo. Sheria ya mwaka 2007 juu ya fidia ya majeraha ya kazini yamtaka tajiri afanye hivyo.

Nanyi wanachama, kila hatari mliyoiona iandikeni katika daftari pamoja na tarehe mliyomwambia tajiri. Mkiumia, mjulisheni tajiri na katibu wa tawi siku ile ile. Maneno ya mdomo husahauliwa, daftari halisahau.

Neno la mwisho. Tusidhani ya kwamba haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Shirika la Afya Duniani limekadiria ya kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya 80 katika kila 100 ni wa nchi zisizo tajiri kama yetu. Walio wengi katika hao ni wazee wa miaka zaidi ya 60. Baba zetu waliostaafu wako nyumbani, na usiku wavuka uwanja wenye matope kwenda chooni bila taa. Likizo ijayo, ndugu, pamoja na sukari na majani ya chai, mpelekee mzee tochi, umpigie na mti wa kushikia mlangoni pa choo. Ujuzi tulioupata katika nyumba za wengine uanze kufanya kazi katika nyumba zetu.

Umoja ni nguvu.