Pumu Si Baridi, na Sweta Si Dawa

Wasee, hii story ya "vaa sweta, asthma ni baridi tu" iishe. Baridi inaweza kuchokoza kifua, sikatai. Lakini pumu ya aleji ni kesi ya protini, na najua hapo ndipo wengi wenu huboeka. Tulieni kiasi.

Kwenye vumbi la godoro lako kuna wadudu wadogo hata macho hayawaoni. Kinyesi chao kina protini inaitwa Der p 1, ambayo hukatakata viungio vinavyoshikanisha seli za njia ya hewa. Mwili wa mtu mwenye aleji unajibu kwa protini yake, kingamwili inayoitwa IgE, na hiyo inaamsha zingine. Njia ya hewa inavimba, makamasi mazito yanajaa, misuli inabana. Sasa niambie, sweta itafanya nini hapo?

IgE iligunduliwa miaka ya 1960. Kimishige na Teruko Ishizaka, mtu na mkewe, walikuwa wanaifukuzia Denver, Marekani. 2003 Marekani ikaidhinisha omalizumab, dawa inayoikamata IgE kabla ilete fujo.

Alafu kuna fuwele. 1872 daktari Mjerumani, Leyden, alieleza vijiwe vyenye ncha kali kwenye makohozi ya wagonjwa wa pumu. Karibu miaka 150, wengi walivichukulia kama alama tu ya ugonjwa. 2019 watafiti wa Ghent, Ubelgiji, wakaonyesha kwamba hiyo protini iliyoganda, galectin-10, yenyewe inachochea uvimbe kwenye mapafu ya panya. Wakatengeneza kingamwili za kuiyeyusha. Takataka kumbe ilikuwa mshukiwa.

Kuna wale watasema, "Hiyo ni sayansi ya wazungu, sisi tupeni inhela bei rahisi." Inhela bei rahisi ni haki, hapo tuko pamoja. Lakini ile ya bluu inafungua njia tu, uvimbe unabaki. Ndio maana 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA ulisema watu wazima na vijana kuanzia miaka 12 wasitibiwe kwa hiyo peke yake. Wanahitaji pia dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe. Mwaka huo huo, WHO lilikadiria pumu iliua watu 455,000, wengi kwenye nchi za kipato cha chini na za kipato cha kati cha ngazi ya chini kama zetu. Hao hawakukosa sweta.

Nikiwa campo, kabla niache, roommate wangu alikuwa anaficha inhela ndani ya soksi juu wasee walimcheka. Usiku kifua kinalia kama filimbi, mchana anajifanya yuko fiti. Ujinga wetu ulikuwa unambana kuliko vumbi.

Na serikali isijifiche nyuma yetu. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema hazina ya utafiti ipate asilimia 2 ya pato la taifa. Hatujawahi kufika hapo. Tuna vumbi letu, mende wetu, moshi wa matatu na wa jiko la makaa, na tunangoja Ghent ituambie vinafanya nini kwenye mapafu ya mtoto wa Kayole?

Mwanasiasa akija kuomba kura 2027, muulize ile asilimia 2 iko wapi. Na ukiona msee ametoa inhela, wacha apumue.