Mkopo wa Ualimu Upimwe Kabla ya Kutiwa Saini

Kila mwaka vijana wa Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na vijiji vya mdomo wa Ruvuma, huchagua shahada ya ualimu. Wapo wanaosoma Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris papo hapo mjini, na wapo wanaokwenda Dar es Salaam au Dodoma. Wengi hutegemea Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004.

Hapana shaka kwamba mkopo huo umewafungulia milango watoto wa wavuvi na wakulima wa korosho. Lakini mkopo si sadaka. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara badala ya 8. Mwenye shilingi 700,000 hukatwa 105,000 kila mwezi, kabla hajalipa pango wala kutuma chochote nyumbani. Mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa. Deni lenyewe lilibaki.

Kwa hiyo basi, ni wajibu wa wakuu wa shule na maofisa elimu kuwaeleza wanafunzi hesabu hizo mapema: ada, mshahara wa kuanzia, makato, na ukweli kwamba ajira haimngojei mhitimu mlangoni mwa chuo. Masomo ya kufundishia nayo yachaguliwe kwa kutazama upungufu uliopo, hasa wa hisabati na sayansi.

Taifa linahitaji walimu. Mwalimu anayelijua deni lake tangu mwanzo atafundisha kwa utulivu kuliko anayelikuta kwenye hati ya mshahara.