Tusifungiwe mabomba ya friji kwenye breki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaseme mafundi wetu, na wenye magari pia. Nina Land Rover 110 ya zamani, punda wangu wa kubebea mahindi. Mwezi uliopita, nikiteremka milima ya Lukumburu kuja Madaba, pedali ya breki ilizama hadi sakafuni. Gia nzito ndiyo iliyoniokoa. Bomba la breki la nyuma lilikuwa limeliwa na kutu, likatoboka.

Songea mjini niliambiwa bomba lililokunjwa tayari lazima liagizwe Dar es Salaam, kwa bei ya kununulia mbolea ya msimu mzima. Fundi mmoja akajitolea kunifungia bomba la shaba la friji. Eti hata mabosi wanafungiwa hilo! Nilikataa. Shaba tupu huchoka kwa mtikisiko, na barabara zetu za vijijini tunazijua.

Kumbe mabomba ya breki huuzwa pia kwa roli. La shaba iliyochanganywa na nikeli, aghalabu la inchi 3/16, halishikwi na kutu upesi, na fundi hulikunja kwa kufuatisha la zamani. Ni nafuu mno. Kinachokosekana huku ni kifaa cha kutanua mdomo wa bomba ili nati ibane bila kuvuja.

Naiomba VETA Songea iwaite mafundi wa gereji za Madaba, hata kwa siku mbili, iwafundishe kazi hiyo. Mvua zikianza, Lukumburu huteleza.

Mkulima na dereva,
Madaba, Ruvuma